Pori likijaa wawindaji: namna Colorado walipunguza permi za elki

Wandugu memba wa koperative, kila mara tunapokaa na jumuiya zenye kutayarisha mpango wa usimamizi wa pori lao, kuna ukurasa mmoja unaokawia kuandikwa. Mipaka ya pori inaandikwa upesi. Majina ya komite vilevile. Lakini tukifika kwenye ukurasa wa uwindaji, maneno yanakuwa mengi: nani ataruhusiwa kuingia, watu wangapi, mwezi gani, na wale wanaotoka vijiji vingine tuwafanye nini? Dekreti nambari 14/018 ya tarehe 2 mwezi wa 8, 2014 inaruhusu jumuiya kupata pori hadi hektari 50,000, bila malipo na bila mwisho wa muda. Ni jambo kubwa. Lakini dekreti haikuambii ni watu wangapi pori lako linaweza kubeba. Hesabu ile ni ya wenye pori.

Njo maana safari hii tumechagua habari ya mbali kidogo. Tunakwenda Marekani, magharibi kwenye milima, jimbo la Colorado. Kule Leta iko na pesa, iko na watumishi wa wanyama, iko na helikopta za kuhesabia wanyama wakati wa baridi. Hata hivyo walibishana miaka mingi juu ya ukurasa uleule wetu.

Mnyama mwenyewe anaitwa elki. Kwetu hayuko. Ni wa jamii ya wanyama wenye pembe za matawi, zile zinazoanguka kila mwaka na kuota upya. Dume mzima anaweza kupita kilo 300, karibu na ng'ombe. Anakula majani, kiangazi anakaa juu milimani, na theluji ikianguka anashuka mabondeni kwenye mashamba ya watu. Colorado njo jimbo lenye elki wengi kupita majimbo yote ya Marekani: wanahesabiwa zaidi ya 280,000.

Lakini msifikiri walikuwa wengi hivyo siku zote. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa karibu kwisha. Waliuawa kwa ajili ya nyama ya kulisha wachimba madini, kwa ajili ya ngozi, hata kwa ajili ya meno, maana meno mawili ya elki yalikuwa pambo la thamani. Colorado ilibaki na mia chache tu. Leta ikafunga uwindaji wa elki kwa miaka mingi, na wengine wakaletwa kwa treni kutoka jimbo la Wyoming. Mwaka 1937 serikali kuu ya Marekani ilipitisha sheria yenye kuchukua kodi kwenye bunduki na risasi na kuipeleka moja kwa moja kwenye kazi ya kurudisha wanyama. Baadaye, katika miaka ya 1970, pinde na mishale nazo zikaingia kwenye kodi ile. Kwa hiyo mwindaji wa kule, hata yule anayenunua mshale mmoja, analipa kwa ajili ya mnyama kabla hajamwona.

Permi ya kuwinda inafanya kazi hivi. Inaandika ni mnyama gani, dume ao jike, kwa silaha gani, sehemu gani ya jimbo, kuanzia tarehe gani hadi tarehe gani. Inakuja na kipande cha kartasi, sisi tutakiita tiketi. Ukiua, unatia sahihi kwenye tiketi na kuifunga kwenye nyama kabla ya kuibeba. Mtumishi wa Leta akikukuta njiani na nyama isiyo na tiketi, uko kwenye matata. Tiketi moja, mnyama mmoja.

Kwenye sehemu nyingi tiketi zina hesabu. Leta inatangaza kwamba mwaka huu ni tiketi kadhaa, watu wanaandika maombi, kiisha wanapigiwa kura. Lakini Colorado ilikuwa na kitu majimbo mengine yalikuwa yameanza kuacha: permi za elki zilizouzwa dukani bila hesabu. Mtu yeyote, mwenyeji ao mgeni wa jimbo lingine, alikuwa anaingia dukani, analipa, anatoka na permi. Kwa wenye kuwinda kwa upinde, mlango huo ulikuwa wazi kwenye eneo kubwa sana la jimbo.

Juu ya nini upinde? Juu ya hesabu moja iliyoonekana nzuri. Mwenye bunduki anaweza kuua akiwa mbali mita mia mbili ao tatu. Mwenye upinde inabidi amkaribie elki hadi mita 30 ao 40, na upepo usibebe harufu yake. Kwa kawaida, kati ya wawindaji kumi wa upinde, mmoja ao wawili tu ndio wanarudi na nyama. Basi wakubwa walisema: upinde hauui wengi, tuuze permi bila kuhesabu, wanyama hawatapungua, na makuta yataingia.

Hesabu ile ilikuwa inahesabu nyama. Haikuhesabu miguu.

Tufafanue, maana hapa njo kuna kiini cha jambo. Msimu wa upinde ni mwezi wa 9, karibu mwezi mzima. Ni wakati ambapo madume wanatafuta majike. Wanapiga kelele kama filimbi ndefu, inasikika kutoka bonde moja hadi lingine. Mwindaji naye anakuwa na filimbi yake, anaiga sauti, dume anakuja akidhani ni mpinzani. Wenye kuijua kazi hii wanasema hakuna uwindaji mtamu kama huo. Hali ya hewa ni nzuri, baridi haijaingia. Na upinde wenyewe umekuwa rahisi: mwaka 1969 mtu wa Missouri, Holless Wilbur Allen, alipewa hati ya upinde wenye magurudumu madogo kwenye ncha. Magurudumu yale yanapunguza uzito wakati umevuta kamba, unaweza kungoja bila mkono kutetemeka. Upinde wa zamani ulitaka miaka ya mazoezi. Huu wa leo, kijana mwenye bidii anaanza kulenga vizuri kwa miezi michache.

Basi watu wakajaa. Unapanda mlima usiku na taa kichwani, unafika juu alfajiri, unasikia filimbi ya dume. Unajibu. Anajibu tena. Kumbe ni mwindaji mwenzako, naye anakuita wewe. Wenyeji wa Colorado walikuwa wanasimulia mambo ya namna hii kila mwaka: magari yamepangwa kwenye mwanzo wa kila njia, mahema karibu na kila kijito, watu watatu nyuma ya elki mmoja. Kicheko kipo, lakini chini ya kicheko kuna hasira ya kweli.

Na elki wao si wajinga. Wakisikia miguu mingi kwenye pori la Leta, wanahamia pale ambapo hakuna mtu, yaani kwenye ardhi za watu binafsi ambapo mwindaji haruhusiwi kuingia. Wanakaa kule hadi msimu uishe. Mwindaji aliyelipa anatembea kwenye pori tupu, na mwenye shamba anaona kundi zima limelala kwenye majani aliyotunza kwa ng'ombe wake.

Kwamba miguu peke yake inaumiza, kuna jaribio lililofanywa karibu na mji wa Vail, Colorado, miaka ya 1990. Watafiti waliwavisha elki majike mikanda ya redio shingoni, kiisha wakati wa kuzaa walikuwa wanawaendea makusudi kwa miguu, mara kwa mara, hadi majike wasimame na kukimbia. Hakuna aliyepigwa mshale. Hakuna aliyepigwa risasi. Hata hivyo idadi ya watoto waliobaki hai ilishuka. Watafiti walipoacha kuwasumbua, watoto wakaongezeka tena. Tunaomba memba wenye kulinda mapori walikumbuke jaribio hili wakati mtu anasema: "Lakini mimi naingia tu kutafuta asali na kuni." Labda ni kweli. Lakini anaingia mwezi gani, na anapita wapi?

Mlango mmoja ukifungwa

Colorado haikuwa peke yake. Majirani zake walikuwa na shida ileile, na wengi walichukua hatua mbele yake. Montana tangu zamani ina kikomo cha permi kubwa za wageni: 17,000 kwa mwaka. Idaho ilikuwa na kikomo cha tiketi za elki kwa wageni wa jimbo, 12,815, lakini mgeni alikuwa anaweza kuchagua karibu eneo lolote la msimu wa kawaida, na wote walikuwa wanakimbilia maeneo yaleyale yenye sifa. Kwa msimu wa 2021 Idaho iligawanya tiketi za wageni kwa kila eneo. Tokea hapo, siku ya kuuza ikifika, maelfu ya watu walikuwa wanapanga foleni kwenye intaneti, na maeneo yanayopendwa yanaisha kwa saa chache. Kwa msimu wa 2026 wameacha foleni, sasa wageni wanapigiwa kura.

Mnaona kitakachofuata. Mtu aliyenyimwa Idaho hakubaki nyumbani. Likizo amekwisha kuomba, upinde amekwisha kununua, gari iko na mafuta. Anatafuta mlango ulio wazi, na mlango mkubwa ulio wazi ni Colorado. Kila jimbo lililofunga lilitua shida yake na kuipeleka kwa jirani. Tena ndani ya Colorado yenyewe ilikuwa vile: walipoweka kikomo cha upinde kwenye sehemu za kusini-magharibi, ambako watoto wa elki walikuwa wamepungua, wawindaji wengine walihamia tu kwenye mabonde yaliyobaki bila kikomo.

Mwaka 2024 wakubwa wa komisheni ya wanyama ya Colorado walikata shauri. Kuanzia 2025, mgeni wa jimbo lingine hawezi tena kununua permi ya upinde ya elki dukani bila hesabu kwa eneo lote la magharibi ya ile barabara kubwa inayopita jimbo kutoka kaskazini hadi kusini. Na milima yote yenye elki wengi iko upande huo. Mgeni anaandika maombi, anangoja kura. Mwenyeji wa Colorado anaendelea kununua kama zamani.

Mtu atauliza: kama jambo lilikuwa wazi hivyo, juu ya nini walikawia? Jibu ni makuta. Mwenyeji analipa permi ya elki chini ya dola 100. Mgeni analipa zaidi ya dola 700. Ofisi ya wanyama ya Colorado haiishi sana kwa kodi ya wananchi wote, inaishi zaidi kwa permi. Mshahara wa mlinzi, mafuta ya helikopta, malipo ya mashamba yaliyoharibiwa, sehemu kubwa inatoka mfukoni mwa mgeni. Halafu kuna wenye hoteli ndogo, wenye farasi wa kubeba nyama, wenye duka la mkate kwenye mji ambao mwezi wa 9 na wa 10 njo mavuno yao. Hao hawakufurahia kikomo. Sisi hatuwacheki. Ukiondoa wageni, onyesha pesa za mlinzi zitatoka wapi. Ukishindwa kuonyesha, umeandika kikomo ambacho hakuna mtu wa kukilinda.

Kuna jambo lingine ambalo mbele hatukulielewa, nalo ni foleni ya alama. Kwenye maeneo yenye kura, ukikosa tiketi mwaka huu unapewa alama moja. Mwaka kesho wenye alama nyingi wanahudumiwa kwanza. Inaonekana ni haki, kama likelemba: leo fulani, kesho mimi. Lakini kwenye likelemba watu ni kumi na wawili, na zamu yako inajulikana. Huku foleni haifungwi. Kila mwaka wapya wanaingia, tiketi ni zilezile, na wa zamani wanaendelea kukusanya alama. Mwaka huu eneo linataka alama tano, mwakani linataka sita; wewe uliyefikisha tano unakuta foleni imekimbia mbele yako. Kaskazini-magharibi ya Colorado kuna maeneo ambayo yanataka zaidi ya alama 20. Sheria inaruhusu mtoto wa miaka 12 kuwinda. Akianza kuomba siku ile, atapata tiketi akiwa mtu mzima mwenye watoto wake. Kwa maoni yetu, foleni ya namna ile inawafaa wazee na kuwafukuza vijana. Jimbo la Wyoming linapunguza ubaya huo kidogo: kwa wageni, sehemu ndogo ya tiketi za elki inawekwa kando na kupigiwa kura bila kuangalia alama, ili hata wa mwaka wa kwanza awe na bahati.

Mwenye majani naye

Kama tungeandika habari ya wawindaji peke yao, memba wengi wangesema hii haituhusu. Lakini katikati ya jambo hili kuna mkulima. Elki wakifukuzwa na wawindaji, ao wakishushwa na theluji, wanafika kwenye majani makavu aliyoyakata kiangazi na kuyapanga kwa ajili ya ng'ombe wakati wa baridi. Kundi moja la elki linaweza kumaliza chakula cha miezi. Wanavunja na nyua.

Sheria ya Colorado inasema Leta inalipa uharibifu wa wanyama wakubwa kwenye mazao, majani na nyua. Pia ofisi ya wanyama inatoa vifaa vya kuzungushia mahali pa kuhifadhi majani, maana kuzuia kunagharimu kidogo kuliko kulipa. Lakini kuna sharti, na hapa tunaomba msome polepole. Mwenye shamba anayekataa kabisa wawindaji, ao anayewatoza pesa nyingi kuingia kwake, anaweza kunyimwa malipo. Yaani huwezi kuwafanya elki kuwa biashara yako mwezi wa 9, kiisha mwezi wa kwanza ukaidai Leta kwa sababu walikula majani. Kwa upande mwingine, sehemu ya tiketi za maeneo yenye kikomo inawekwa kando kwa wenye ardhi kubwa wanaolisha wanyama wale mwaka mzima. Mkulima anaweza kuitumia ao kumpa mwindaji kwa malipo. Kuna wanaolalamika kwamba hiyo ni kuuza mnyama wa watu wote. Lakini angalau kule mwenye kupoteza majani anaonekana kwenye hesabu. Kwenye mikutano yetu mingi, mama ambaye nguruwe pori wamekula muhogo wake anakaa nyuma, na wanaozungumza ni wawindaji na watu wa ofisi.

Huku kwetu sheria ya uwindaji iko tangu tarehe 28 mwezi wa 5, 1982, nayo inazungumza permi na misimu ya kufunga. Wengi wetu hatujawahi kuona permi ile kwa macho. Mfano ulio karibu zaidi na tiketi za Colorado uko majini. Kwenye Ziwa Edward, upande wetu, uvuvi unaruhusiwa kwenye vituo vitatu: Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma. Mitumbwi inapaswa kuandikishwa na kuwa na nambari. Wavuvi wa kule hawana haja ya mtu wa kuwafundisha maana ya kikomo; wanajua vizuri kinachotokea wakati mitumbwi isiyo na nambari inaongezeka usiku, na wakati yule aliyefuata sheria anarudi na samaki wachache kuliko aliyeivunja. Shida yao na ile ya Colorado si moja, kule hakuna vita. Lakini swali la aliyenyimwa ni lilelile: mvuvi asiyepata nambari, anakwenda kufanya nini kesho asubuhi?

Basi, kwa jumuiya ambazo ukurasa wa uwindaji bado ni mweupe, tunapendekeza mambo yafuatayo yazungumzwe kabla ya kuandika idadi yoyote. Mkae kwanza na vijiji jirani, maana mkifunga peke yenu mtawatumia wao wawindaji wenu, na wakifunga wao peke yao watawatumia ninyi. Hesabuni kila mwenye kuingia, si mwenye bunduki tu: wa mitego, wa asali, wa makala. Chagueni miezi ya kuzaa ambayo hakuna anayeingia kabisa. Wazee wa baraza la wenye hekima wanaijua miezi hiyo bila helikopta. Mseme wazi nani atalipwa kulinda na kwa pesa gani. Mkichagua zamu, fungeni orodha kama likelemba, ao mwache nafasi chache za kura kwa vijana. Na mkulima wa pembeni ya pori akae mbele.

Kisha andikeni tarehe ya kurudi kuhesabu upya, maana idadi mtakayoandika leo huenda si ile inayofaa. Colorado wao wamepanga misimu yao kwa miaka mitano, kuanzia 2025 hadi 2029. Wageni sasa wako kwenye kura. Wenyeji bado wananunua permi ya upinde bila hesabu, na tayari kuna wanaouliza kama miguu ya mwenyeji ni myepesi kuliko ya mgeni.